MamaNatalie: tumbo zuri la mazoezi, mvaaji akijua kulalamika

MamaNatalie, tumbo bandia la kufundishia kuzalisha, inatengenezwa na Laerdal Global Health ya Norway. Mkufunzi anajifunga tumboni, anaketi ukingoni mwa kitanda, kisha kwa mikono iliyofichwa ndani anamtoa mtoto, anaachia kondo la nyuma na kufungulia damu bandia. Raha yake ni kwamba juu ya tumbo hilo kuna uso na sauti ya mtu.

Kwa hiyo mvaaji bubu anaiharibu kabisa. Agune, akatae kulala chali, aulize: "Nesi, mbona simsikii analia?" Mwanafunzi mmoja awe mama mkwe au dada wa mzazi, maana mwongozo wa 2018 wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unapendekeza kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Huyo amkande kiuno, ampe maji uchungu ukipoa. Vinginevyo utasikia watu watano wakifoka "sukuma!" kwa pamoja, tabia ambayo wataihamishia wodini.

Mtoto, NeoNatalie, ajazwe lita 2 za maji ya vuguvugu. Akiwa mtupu ni mwepesi mno, mikono haijifunzi chochote. Mapigo ya kitovu yanaendeshwa kwa kubonyeza kipira, hivyo anayekata sekunde ya 20 wakati mtoto analia vizuri anaumbuka: alitakiwa kungoja dakika 1 hadi 3.

Kwenye damu ndipo kifaa kinalipa. Mwanafunzi kachoma oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, uniti 10 ndani ya dakika moja, karidhika, hakugusa tumbo. Mvaaji analegeza mfuko wa uzazi na damu inaendelea kutiririka. Wengi hukadiria kwa macho na kukosea, kwa sababu kanga hunywa damu nyingi kimyakimya. Kabla ya zoezi, pima mililita 500 kwenye jagi, zimwage juu ya kanga, kila mtu aione na kuinyanyua. Tandika plastiki kwanza. Rangi ile inashika nguo.

Kupima njia, yaani mlango wa uzazi umefunguka kiasi gani, usifundishie hapa, tafuta kifaa kingine. Msamba nao hauchaniki, kwa hiyo kuulinda kunabaki kuigiza tu.

Mkimaliza, mwageni maji yote na kumkausha mtoto kabla ya kumrudisha mkobani, la sivyo ataota ukungu. Na wavaaji wapokezane: mkufunzi akishachoka kiuno, kila mama anajifungua kwa dakika tatu.