Vitamini za mito (mitokondria) za kuchanganywa: nimechoka kuambiwa "ni vitamini tu"

Jamani hii famasia ya kuchanganya dawa tunayoagizia vitamini za mtoto, mpaka juzi juzi ningewapa nyota nne bila kufikiria, leo hata moja inanikwama kooni.

Kwa wasiojua, mwanangu ana ugonjwa wa Leigh, ni moja ya magonjwa ya mitokondria, kwa kifupi tunasema mito, seli zake hazitengenezi nguvu inavyotakiwa. Huku Marekani madaktari wanawaandikia watoto kama yeye mchanganyiko wa vitamini, watu wanauita mito kokteli, kuna CoQ10, riboflavini yaani B2, kanitini, asidi ya alfa lipoiki, kila mtoto na wake. Vidonge dukani vipo tele ila wangu hamezi kitu, analishwa kwa mpira wa tumboni na dozi yake inapigwa kwa kilo, kwa hiyo lazima famasia itengeneze ya maji. Bima waligoma toka mwanzo, eti hivyo ni virutubisho siyo dawa, hela inatoka mfukoni kwetu kila mwezi, na mume wangu anaendesha lori mimi nakesha kwenye nyumba ya wazee.

Sasa chupa ya mwisho. Imefika naitoa kwenye boksi, juu mafuta yanaelea, katikati maji, chini tope la rangi ya chungwa. CoQ10 haikai na maji, inataka mafuta, hilo nalijua na siku zote natikisa. Nikatikisa mpaka mkono ukauma, nikaipindua chini juu, tope liko pale pale limeshika kitako kama ukoko wa wali. Nikivuta na bomba, mara yanakuja maji matupu mara linakuja bonge. Na bonge moja likapita likaenda kuziba mpira wa mtoto, usiku huo, nikahangaika na maji ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka ukazibuka huku analia maana muda wa kula umeshapita, na mtoto wa mito hatakiwi kabisa kukaa na njaa, mwili wake hauna akiba.

Halafu chupa yenyewe nyeupe ya kuonyesha ndani! Riboflavini inaharibiwa na mwanga, siku zote tulikuwa tunaletewa ya kahawia.

Asubuhi napiga simu, nikawekewa muziki weee, akapokea dada mmoja, sijamaliza hata kueleza anasema tikisa vizuri, imeandikwa kwenye lebo. Nikamwambia nimetikisa, na swali langu ni mtoto anapata dozi gani, maana kama dawa yote imelala chini basi wiki ya kwanza anakunywa maji na wiki ya mwisho anapigwa ya mwezi mzima kwa mkupuo. Akashusha pumzi, nimemsikia kabisa, akasema, "Mama, ni vitamini tu, akikosa siku mbili tatu hawezi kudhurika."

Ni vitamini tu! Mbona bei siyo ya vitamini tu? Mbona mnataka karatasi ya daktari bingwa? Wewe umemuona lini mwanangu mpaka ujue nini kinamdhuru?

Nisiwe mwongo, daktari wetu hajawahi kutupa matumaini hewa. Alisema ushahidi ni mdogo, kwamba mapitio ya 2012 ya Cochrane, wale watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, hayakupata tiba ya mito iliyothibitika wazi, ila wataalamu wengi bado wanazitoa, na akatuanzishia moja moja ili tuone ipi inafanya nini. Wangu tangu aanze CoQ10 anashikilia shingo jioni kuliko zamani. Inaweza kuwa vitamini, inaweza kuwa mazoezi, mimi siko tayari kubahatisha kujua.

Na haki itendeke, mfamasia wao, mzee mmoja mpole, alinipigia mwenyewe jioni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema walibadilisha kimiminika cha kuchanganyia kwa sababu cha zamani kiliadimika, na kwamba ilibidi nipigiwe simu kabla. Akatengeneza upya bila kunitoza, chupa ya kahawia, ukitikisa kidogo tu inachanganyika yote. Pale moyo ukalainika, nikasema basi nyota tatu.

Lakini kila nikifikiria hasira inarudi. Dawa hizi za kuchanganywa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haizipitishi kwanza kama zile za viwandani, sisi tunategemea uaminifu wa hao walio mle ndani. Wakabadilisha, wakanyamaza, na bila ile chupa ya kuonyesha nisingejua lolote, ningeendelea kumpa mwanangu maji nikidhani nampa dawa. Sasa hivi hata hiyo mpya naimulika kwa tochi ya simu kila jioni. Na yule dada hajaomba radhi mpaka leo.

Nyota moja, na ni ya mzee peke yake. Nimemwomba daktari apeleke oda famasia ya hospitali, ni mbali lakini nitaendesha. Nyie mnaotaka kuagiza popote, kabla hamjalipa waulizeni wakibadilisha kimiminika watawaambia vipi, na usiku mpira ukiziba anapokea simu nani.