Ushauri Nasaha kwa Watu Wazima Walio Katika Mabadiliko ya Maisha: Tathmini ya Mteja Mstaafu

Mtumishi wa umma nchini Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha umri wa miaka 55, na akifikisha 60 analazimika kustaafu. Kabla ya siku hiyo huitwa kwenye semina ya wastaafu watarajiwa, ambako hufundishwa habari za kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, hatifungani, ufugaji wa kuku na namna ya kujikinga na matapeli wanaonyemelea mafao. Semina hizo zina manufaa makubwa, hasa tangu bajeti ya mwaka 2024/25 ilipopandisha malipo ya mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa kwa mara moja mtu anapostaafu, kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa kundi lililokuwa likipata asilimia 50 kabla kikokotoo hakijabadilishwa, jambo ambalo watumishi wengi bado wanahitaji kufafanuliwa. Lakini katika semina niliyohudhuria mimi hakuna aliyeligusa swali lililokuwa likininyima usingizi: baada ya kuwa mwalimu maisha yangu yote ya utu uzima, nikishakabidhi ofisi nitakuwa nani?

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye kituo kimoja binafsi cha ushauri nasaha hapa Dar es Salaam, ambacho sitakitaja kwa jina kwa kuwa nina sifa na lawama za kukitolea. Kituo kinahudumia watu wazima waliofika njia panda: wastaafu, wajane, waliotalikiana, waliopunguzwa kazini, wazazi ambao watoto wote wameondoka nyumbani, na waliorejea kutoka Oman au Dubai baada ya miaka mingi ya kazi na kukuta nyumbani kumebadilika. Shida zao hazifanani, lakini wote wamepoteza jina ambalo watu waliwajua nalo, na bado hawajapata lingine.

Wengine watauliza kwa nini mtu alipie mazungumzo ilhali ana ndugu, jirani, padri au shehe. Ni swali la haki. Jamii zetu zinajua vema kumvusha mtu kutoka hali moja kwenda nyingine: vijana wana jando na unyago, bibi harusi ana kungwi wake, na mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi minne na siku kumi, ambayo kila mtu anaiheshimu. Ila mila hizo zimeshughulikia zaidi mwanzo wa utu uzima, ndoa na msiba. Mtu wa miaka 60 anayeondoka kazini huandaliwa sherehe, hupewa zawadi na hotuba, kisha kesho yake anaamka nyumbani na hakuna kungwi wa kumweleza yanayofuata. Tena ndugu wanaotushauri wana haja zao, hata wakitupenda. Mwanangu wa kwanza alitaka nihamie kwake nimsaidie kulea wajukuu, wadogo zangu walitaka nirudi kijijini nikae kwenye shamba la marehemu baba, na rafiki zangu wa kanisani walikwisha kunipangia kamati. Niliyemhitaji ni mtu asiyepata wala kupoteza lolote kwa uamuzi wangu.

Mshauri niliyepangiwa ni binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Alinisalimia, "Shikamoo, mama," akasubiri nikae, kisha akauliza, "Humu ndani ungependa nikuite nani?" Nikajibu kwamba watu wote huniita Mwalimu. Alilikubali jina hilo, na kabla kikao hakijafika katikati aliniomba kwa upole nijitambulishe kwake upya bila kutaja kazi, mume, watoto wala kanisa. Nilinyamaza kwa muda mrefu, naye hakunisaidia kwa neno lolote, hakutazama saa wala simu, mpaka nilipoanza mwenyewe kusema kuhusu msichana aliyependa kushona na kuimba, ambaye sikuwa nimemkumbuka kwa miaka mingi. Kwa kikao hicho kimoja nilielewa kwamba ninachokilipia ni utulivu huo, kwani mawaidha ninayo tele nyumbani.

Nilikuwa na wasiwasi kuhusu umri wake, na najua wengi wa rika langu watakuwa nao, maana tumelelewa tukijua kwamba mkubwa ndiye anayemuusia mdogo. Wasiwasi huo uliondoka nilipoona kwamba hakudai kuyajua maisha kuliko mimi. Msingi wa kazi yake ni mtazamo ulioenezwa na mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers tangu miaka ya 1940, kwamba mteja ndiye anayeyajua maisha yake kuliko yeyote, na kazi ya mshauri ni kumsikiliza bila kumhukumu, kumheshimu bila masharti na kuwa mkweli mbele yake. Kwa mtazamo huo, kijana aliyefundwa vizuri anaweza kumsikiliza mzee bila kumvunjia heshima.

Katika vikao vilivyofuata alinitandikia mezani karatasi ya manila, akaniomba nichore mstari wa maisha yangu tangu kuzaliwa, nikiweka alama juu ya mstari kwa yaliyonijenga na chini yake kwa yaliyonivunja. Hapo ndipo alipotumia mafundisho ya Nancy Schlossberg, msomi wa ushauri nasaha wa Marekani ambaye tangu mwaka 1981 ameeleza kwamba mabadiliko ya maisha ni ya aina tatu: yale tunayoyatarajia, yale yanayotushtukiza, na yale tuliyoyatarajia lakini hayakutokea. Aina hii ya tatu ilinigusa kuliko zote. Cheo ambacho hakikuja, mtoto ambaye hakuzaliwa, safari ya masomo iliyofutwa. Mambo hayo hayana matanga wala siku ya kumbukumbu, na kwa hiyo mtu huyabeba kimya kimya mpaka uzeeni. Mimi nilikuwa na alama mbili za namna hiyo, na zote mbili sikuwahi kumwambia mtu. Nilipoziona zimeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, nilitambua kwamba sehemu kubwa ya huzuni niliyodhani ni ya kustaafu ilikuwa ya zamani zaidi.

Upande wa lawama, jambo la kwanza ni faragha, na ni zito. Chumba cha ushauri kina mlango mzuri unaozuia sauti, lakini mapokezi hayana staha hiyo. Wateja wote huketi kwenye benchi moja, na mhudumu huita majina yote matatu kwa sauti, akitaja na chumba cha kwenda. Katika jiji ambalo kila mtu ana mtu anayemfahamu, hilo peke yake linatosha kumfanya mjane au mtumishi mwenye cheo asirudi. Namba ya foleni ingeumaliza mjadala huu, na nililiandika hilo kwenye fomu yao ya maoni.

Ada ni shilingi 50,000 kwa kikao cha dakika 50, na kituo hakipokei bima. Kwa mstaafu anayeishi kwa pensheni ni fedha nyingi, ingawa vikao vya kikundi vina nafuu kubwa. Sitasema lolote kuhusu niliyoyasikia kwenye kikundi, kwa kuwa tuliahidiana hivyo. Ila itoshe kusema kwamba kiongozi wake alijua kumzuia mzungumzaji bila kumfedhehesha.

Anayetafuta huduma hii popote aulize mapema kuhusu elimu ya mshauri na nani anayemsimamia kitaaluma. Nchini Kenya sheria ya mwaka 2014 inawahusu washauri nasaha na wanasaikolojia moja kwa moja, na usajili ni sharti la kazi. Hapa kwetu nashauri mteja aombe kuviona vyeti, naye mshauri mwaminifu hataudhika. Aidha, mtu asiyelala kwa majuma, asiyekula, au anayewaza kujidhuru asianzie kwenye kituo cha namna hii. Huyo apelekwe hospitali yenye daktari wa afya ya akili, na mazungumzo ya utambulisho yatafuata akishapata nguvu.

Kwa wengine wote ninaipendekeza huduma hii kwa moyo wote. Nawaomba pia waajiri, hasa wanaoandaa semina za wastaafu watarajiwa, waweke ndani yake kikao kama hiki kinachoendeshwa na mshauri ambaye si mwajiriwa wao, na wakiweke miaka miwili kabla ya mtumishi kukabidhi ofisi, badala ya majuma machache ya mwisho ambayo hutumika kufuatilia barua na saini.