Greased Lightnin' au You're the One That I Want: uimbe upi?

Wapenzi wa filamu ya Grease ya mwaka 1978 wakishika kipaza sauti cha karaoke, ubishi huwa ule ule: wimbo wa gari, au wa wapendanao?

Greased Lightnin' unataka kundi. John Travolta anaongoza, vijana wa gereji wanaitikia, na bila waitikiaji wimbo unapwaya. You're the One That I Want watu wawili wanatosha, ila wawe wawili kweli: Olivia Newton-John anamjibu Travolta papo kwa papo, na mmoja akizubaa wimbo umekufa.

Kwenye sauti ndipo penye kazi. Wa gari uko karibu na usemi, hata asiye mwimbaji ataumudu. Wa wawili humponza mwanamume: anaanza chini, ametulia, halafu mwisho wa mstari sauti inaruka juu ghafla. Nimeona wengi wakikwama hapo hapo. Jaribuni kwanza mkiwa wenyewe.

Maneno je? Hapa wa wapendanao unashinda waziwazi. Mashairi ya Jim Jacobs na Warren Casey kuhusu lile gari yana matusi. Mbele ya watoto na wakwe ni aibu. Ule mwingine, alioutunga John Farrar kwa ajili ya filamu, ni msafi.

Kwa kucheza, mimi ni wa gari: mkono unanyooshwa, kidole kinaelekezwa mbali, ukumbi mzima unafuata. Mkiwa marafiki watano usiku, chukueni huo. Harusini, waachieni maharusi ule wa wawili.