One Piece: Sauti za Kijapani au za Kiingereza?

Habari zenu wapendwa watazamaji, karibuni. Kila nikiitaja One Piece, ile katuni ya Kijapani ya maharamia, naulizwa swali lile lile: niitazame ya Kijapani yenye maandishi ya Kiingereza chini, au ile iliyotiwa sauti za Kiingereza? Jibu langu ni Kijapani. Sasa nipeni dakika chache niwaeleze kwa nini, maana hili jambo nalipenda kweli.

Kwanza mjue mnaingia kwenye kitu gani. Hii katuni ilianza kurushwa Japani Oktoba 1999, na imeshavuka episodi 1,100. Kisa cha Dressrosa peke yake kina episodi 118! Kwa hiyo ukichagua sauti, umechagua watu wa kukaa nao miezi na miezi. Anayemsemea Luffy, yule haramia kijana ambaye ndiye mhusika mkuu, kwa Kijapani ni Mayumi Tanaka, mama aliyezaliwa 1955, na yuko naye tangu mwanzo. Ule msisimko wa kitoto, kile kicheko cha "shishishi" kinachotokea katikati ya meno, ni vyake.

Hebu sikilizeni ngumi. Ndiyo, ngumi. Luffy mwili wake ni mpira, na kila pigo analitaja jina. Kijapani anasema "Gomu Gomu no", halafu lile "no" analivuta: nooooo, huku mkono unarudi nyuma, unarefuka, unazidi kurefuka. Pigo likitua ndipo anamalizia jina. Hilo "no" ni kiunganishi, kazi yake inakaribiana na "ya" yetu, na linampa nafasi ya kuvuta pumzi na mkono kwa pamoja. Kiingereza wanasema "Gum-Gum", basi, hakuna cha kuvuta. Mkono unarefuka, mdomo umeshamaliza. Nimelirudia tukio hilo hilo kwa lugha zote mbili mara nyingi, na kila mara la Kijapani ndilo linalonikaza mwili.

Hata hivyo, tusiwaonee Waingizaji sauti wote. Kiingereza kina matoleo mawili tofauti kabisa. Lile la kwanza la kampuni ya 4Kids, lililoanza 2004, likikupitia mbele, lipishe. Walikata vipande mpaka episodi 143 zikabaki 104, na sigara ya Sanji, mpishi wa meli ya Luffy, wakaigeuza pipi ya kijiti! Mwaka 2007 kazi ikachukuliwa na Funimation, na hapo mambo yakanyooka. Colleen Clinkenbeard anamcheza Luffy kwa moyo wote, na Zoro, mpiga panga wa Luffy, kwa sauti ya Christopher Sabat ana uzito unaomfaa. Hilo ndilo naliweka ninapopika au kupiga pasi, kwa sababu macho yako kwingine. Ila ujue linakuja nyuma. Episodi mpya za Kijapani zinatangulia sana.

Sasa kuna jambo linalotuhusu sisi. Mabishano mengi ya mtandaoni ni ya watu ambao Kiingereza ndicho walichonyonya kwa mama. Kwao, sauti za Kiingereza ni nyumbani. Wengi wetu hapa Kiingereza tulikikuta shuleni. Ukiweka hilo toleo, bado unatafsiri kichwani, na sauti ya asili umeshaikosa. Ukiweka maandishi, tafsiri inabaki ile moja, lakini kilio kinakufikia kama kilivyolizwa. Halafu Kijapani kina maneno ambayo Kiswahili kinayapokea vizuri zaidi. Luffy ana neno "nakama" analolisema kila saa kuhusu wale anaosafiri nao. Watafsiri wa Kiingereza linawahangaisha, mara rafiki, mara baharia mwenza, na kuna mashabiki walioamua kuliacha hivyo hivyo. Sisi tunasema "wenzangu", na limekaa.

Kasoro ya maandishi nayo ni kubwa, nayo ni kwa mtoto. Mpwa wangu yuko darasa la tatu. Maandishi yanampita kabla hajamaliza mstari, na Kiingereza cha kusikiliza nacho hakielewi. Kwa hiyo tukaweka Kijapani, na mimi nikawa natafsiri kwa sauti, kama tulivyokuwa tunatafsiriwa filamu kwenye mabanda ya video. Sauti ilinikauka, lakini ndiyo namna niliyoifurahia kuliko zote.

Kama hujafika kisa cha Enies Lobby, ruka hapa. Tulifika episodi ya 278. Robin, mmoja wa wale wanaosafiri na Luffy, amesimama juu ya mnara, miaka yote ameamini dunia haitaki aishi, na wenzake wamesimama ng'ambo wanasubiri aseme mwenyewe anataka nini. Akapiga kelele neno moja: "Ikitai!" Maana yake nataka kuishi. Ila kuna "ikitai" nyingine, ukiiandika kwa herufi zetu ni hiyo hiyo, nayo ni nataka kwenda. Na kweli, sekunde hiyo hiyo anawaomba wamchukue waende naye baharini. Sauti ya Yuriko Yamaguchi inapasuka pale, na mimi mtafsiri koo likanikaba. Nikamwambia mpwa wangu tu, "Anasema anataka kuishi."

Dogo akasimama juu ya kochi, macho yamejaa machozi. "Basi waende naye, mjomba! Waende naye sasa hivi!"