Nimeacha bastola ya magazini, nimehamia rivolva: mwaka mmoja baadaye

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu hamjambo. Karibuni tena nyumbani kwangu hapa Dodoma. Leo sizungumzii bei ya alizeti. Leo natimiza ahadi ya kueleza kwa nini niliacha bastola ya magazini, ile yenye kisanduku cha risasi ndani ya mpini, nikahamia rivolva, ile inayobeba risasi kwenye silinda inayozunguka, maana tangu niliposema nimebadilisha silaha, maswali hayajakoma.

Kabla ya neno lolote, tazameni mikono yangu. Nafungua silinda, inatoka pembeni hivi. Sogea karibu, mpiga picha. Matundu matano, na kwenye kila tundu unaona mwanga wa dirisha lile kule nyuma. Napitisha ncha ya kidole, moja, mbili, tatu, nne, tano. Tupu. Risasi zimefungiwa chumba kingine na ufunguo ninao mfukoni. Ukiona mwanga umejua, na nitaurudia huo mwanga baadaye, kwa sababu ndio ulionihamisha.

Kwa wageni: mimi ni mfanyabiashara wa mazao. Msimu ukifika, kuanzia Mei, nashinda barabarani, Kibaigwa leo, Kongwa kesho, na siku nyingine naingia vijijini kabisa. Siku hizi malipo mengi yanapita kwenye simu, namshukuru Mungu, lakini mzee aliyelima ekari zake sita akikwambia anataka noti mkononi, utampa noti. Ndiyo maana nikaomba leseni, na nikafuata utaratibu wote chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Huna leseni, video hii isikutamanishe kitu. Kaa nayo kama elimu tu.

Kwa miaka mingi nilibeba bastola ya magazini, milimita 9, risasi kumi na tano. Sitaitaja jina, kwa sababu haikunikosea. Ni chombo kizuri, nyembamba kiunoni, triga laini, na risasi zilikwenda nilikoelekeza. Tatizo lilikuwa kati ya ile bastola na mtu kama mimi.

Nianze na la kwanza. Niliteleza nikishuka kwenye lori, mkono wa kulia ukatenguka kifundo. Baada ya wiki kadhaa nikaenda kulenga shabaha, nikidhani nimepona. Risasi ya pili tu, pa! halafu kimya. Natazama, ganda la risasi limesimama wima kama kibiriti, limebanwa na slaidi, kile chuma cha juu ya bastola kinachorudi nyuma na mbele. Nikalitoa, nikaendelea, ya tano tena vilevile. Mwalimu akanishika kifundo akasema, "Mama, mkono wako unarudi nyuma pamoja na bastola." Sikilizeni hapa, wengi hawalijui hili. Bastola ya magazini inatumia nguvu ya mlipuko kurudisha slaidi nyuma, kutupa ganda nje na kuvuta risasi mpya. Ili slaidi irudi safari nzima, fremu, yaani mwili wa bastola, inatakiwa ishikiliwe imara. Mkono ukilegea, fremu nayo inarudi, slaidi inakosa kasi, ganda linashindwa kutoka. Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa sehemu ya mashine, na ile sehemu ilikuwa mgonjwa.

Hilo ningeweza kulivumilia, mkono hupona. La pili ndilo lililoninyima usingizi.

Nilirudi nyumbani usiku, nimetoka Gairo, nimechoka sana. Nikaingia chumbani nitoe risasi kabla ya kufunga silaha kwenye sefu. Utaratibu naujua kama jina langu: kwanza toa magazini, halafu vuta slaidi, halafu chungulia chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, halafu weka kidole. Usiku ule nikavuta slaidi kwanza. Risasi ikaruka ikaanguka kitandani. Kisha ndipo nikatoa magazini. Mmeelewa nilichofanya? Nilipoachia slaidi, magazini ilikuwa bado ndani, ikapandisha risasi nyingine kwenye chemba. Mimi mkononi nina magazini, kitandani naiona risasi moja, akili inaniambia imekwisha, iko tupu. Mjukuu wangu yuko chumba cha pili, ukuta ni tofali moja. Kilichoniokoa ni mazoea ya kuchungulia. Nikavuta slaidi kidogo nione, nikaona shaba inang'aa.

Nilikaa kitandani muda mrefu. Kosa lilikuwa langu, wala siisingizii bastola. Ila nilijiambia, mimi si askari. Navuta triga siku chache kwa mwaka, na siku nyingi naishika silaha nikiwa nimechoka. Nahitaji chombo ambacho mtu aliyechoka anakisoma kwa jicho moja. Ndipo nikarudi kwenye huu mwanga wa dirisha. Rivolva ukiifungua, risasi zote unaziona kwa pamoja. Hakuna ya kujificha.

Sasa tuiangalie yenyewe. Hii ni rivolva fupi ya risasi tano, inatumia aina ya risasi iitwayo .38 Special. Umbo hili dogo la kubeba kiunoni lilipata umaarufu mkubwa baada ya Smith & Wesson kutoa Chiefs Special mwaka 1950, na kampuni nyingi zimelifuata. Hii yangu fremu yake ni ya aluminiamu, ni nyepesi, na nyundo, kile kinachogonga risasi, imefichwa ndani ili isinase kwenye nguo. Mama mwenzangu unayevaa kitenge, unanielewa.

Inavyofanya kazi: ukivuta triga, mvuto uleule mmoja unazungusha silinda, unarudisha nyundo, halafu unaiachia. Nguvu yote inatoka kwenye kidole chako, haingoji mlipuko iendelee. Ndiyo maana mkono uliolegea hauikwamishi. Na risasi moja ikigoma, unavuta tena, inakuja nyingine. Lakini hapo mazoezini msifanye hivyo haraka! Risasi ikigoma uwanjani, elekeza mtutu kwenye shabaha na usubiri sekunde 30 kabla hujagusa chochote. Kuna risasi zinazochelewa kuwaka. Kwenye rivolva ukiwa umeshazungusha silinda, ile iliyochelewa italipuka ikiwa haijaelekeana na mtutu. Hilo ni balaa.

Nakuja kwenye uchungu wenyewe, triga. Bastola niliyoacha ilihitaji kama kilo mbili na nusu kuivuta. Hii inakaribia kilo tano, na safari yake ni ndefu. Ning'iniza mfuko wa unga wa kilo tano kwenye kidole cha shahada uone. Siku ya kwanza, hatua saba tu kutoka kwenye karatasi, risasi zangu zote zilikwenda chini kushoto, maana nilikuwa nakaza kiganja kizima. Niliona aibu. Nilirudi nyumbani nikanunua risasi bandia za mazoezi, nikawa naweka sarafu ya shilingi 200 juu ya mtutu, navuta triga taratibu mpaka nyundo igonge, sarafu isianguke. Mara ishirini kila jioni. Miezi miwili ilipita kabla sijarudi kwenye kiwango changu cha zamani. Mtu akikuambia rivolva ni rahisi kulenga, muulize amepiga ngapi.

Na inapiga teke. Silaha nyepesi haina uzito wa kumeza mshtuko, kwa hiyo mshtuko unaumeza wewe. Nilibadilisha mpini wa mbao nikaweka wa mpira ulio mrefu kidogo, kidole cha mwisho kikapata pa kushika. Kwa anayetaka rivolva ya mazoezi peke yake, atafute yenye fremu ya chuma na mtutu wa inchi nne, kama Model 10 ya zamani inayokaribia kilo moja. Hiyo ni raha. Lakini kuibeba kutwa nzima na jua hili, sitaki.

Kuna usemi nausikia sana kwamba rivolva haikwami kamwe. Si kweli, na nitawaonyesha. Sogea tena hapa. Hiki kinyota katikati ya silinda ndicho kinachosukuma maganda nje. Mwezi wa nane nilikwenda kufanya mazoezi, na upepo wa Dodoma wa mwezi huo mnaujua, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Nikatoa maganda huku mtutu umeinama chini, kosa la mwanafunzi. Ganda moja likateleza likaingia chini ya kinyota. Silinda haifungi, haifunguki vizuri, na ganda linachungulia tu. Kulitoa kulihitaji kalamu na dakika kadhaa. Sasa najua: mtutu juu angani, halafu unapiga fimbo ya kutolea maganda kwa kiganja, kwa nguvu, mara moja. Kwenye hizi fupi hiyo fimbo nayo ni fupi, haisukumi ganda hadi mwisho, kwa hiyo kasi ya kiganja ndiyo inayomalizia.

Na hata punje za mchanga chini ya kile kinyota zinatosha kukiinua hadi silinda isizunguke. Mimi napitisha mswaki mkavu pale kila jioni nikitoka njiani. Mafuta naweka tone tu, maana mafuta mengi na vumbi letu yanageuka tope. Na kitu kimoja wapenzi wa rivolva wasichopenda kusikia: bastola ya magazini ikikwama, mara nyingi unaikwamua mwenyewe kwa kugonga magazini na kuvuta slaidi. Rivolva ikikwama kweli, kwa mfano risasi dhaifu imebaki nusu kwenye mtutu nusu kwenye silinda, hapo safari yake ni kwa fundi silaha.

Vidole pia. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya mdogo, uko hapa, na kwenye mwanya huo moto na chembe za risasi zinatoka pembeni. Ukizoea kushika bastola ya magazini kwa kidole gumba kilichosogea mbele, hapa utaungua au utakatika ngozi. Gumba likae nyuma. Nililirudia hilo kwa mdomo kila nilipoishika, mpaka likaingia.

Kuna kijana ameniuliza, "Mama, dunia yote ilitoka kwenye rivolva ikaenda magazini, mbona wewe unarudi nyuma?" Swali zuri. Kule Marekani, FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, ilianza kuhama kwa nguvu baada ya mapambano ya Miami mwaka 1986, ambapo maajenti wengi wenye rivolva walizidiwa, na wawili wakauawa. Polisi wa New York nao wakaruhusu bastola za milimita 9 mwaka 1993. Walikuwa na sababu. Askari kazi yake ni kumfuata mhalifu, na risasi tano au sita hazimtoshi, na kupakia upya rivolva katikati ya vurugu ni kazi. Mimi kazi yangu ni kuondoka. Nikiona pikipiki nisiyoielewa inatufuata, dereva wangu anajua kukanyaga mafuta hadi penye kituo cha polisi. Fedha zikibidi kwenda, ziende. Silaha hii ni ya pale ambapo hakuna mlango mwingine, na namwomba Mungu siku hiyo isije. Kwa hiyo namba tano hainitishi. Anayelinda benki au ghala usiku, abaki na magazini yake, simshauri kuhama hata kidogo.

Kwenye risasi muwe makini. Milimita 9 na .38 zinakaribiana sana unene, ndiyo maana watu huchanganya. Ganda la .38 Special lina urefu wa milimita 29 na ukingo kwenye kitako, na ukingo huo ndio unaolizuia lisizame kwenye tundu. La milimita 9 ni milimita 19, fupi. Na .357 Magnum ni ndefu kuliko .38, haipaswi kuingia kwenye silaha ya .38, usilazimishe. Soma kilichoandikwa ubavuni mwa mtutu, soma boksi, soma leseni. Vyote vitatu viseme kitu kimoja.

Kuhusu kubadilisha: huwezi kwenda dukani ukabadilishana kama simu. Leseni yako inahusu silaha ile, kwa namba yake. Anzia polisi, eleza unachotaka, fuata wanavyokuelekeza, na ya zamani ikae mahali halali hadi shughuli iishe. Usimwachie shemeji hata kwa usiku mmoja.

La mwisho ni la yule kijana wa Manyoni aliyeuliza kama amshauri mama yake ahame kama mimi, kwa kuwa mikono yake imechoka na kuvuta slaidi kunamshinda. Mwanangu, usiamue kwa video yangu. Slaidi hatavuta tena, ni kweli, ila zile kilo tano za triga atazivuta kwa kidole kimoja. Mpeleke mahali halali penye mwalimu, silaha ikaguliwe mbele yake, aone mwanga kwenye kila tundu, halafu avute triga mara kumi mfululizo ikiwa tupu. Wewe kaa pembeni utazame kidole, usitazame uso, maana mama zetu hawasemi wakiumia. Kikianza kutetemeka kwenye ya sita au ya saba, hiyo siyo silaha yake. Hapo mnunulie geti imara na taa ya nje.