Mashine ya kusagia nyama ya mkono, namba 8: nimeitumia kwa chakula cha samaki wa maji chumvi

Naomba nianze kwa kusema kwamba hii mashine sijainunua kwa ajili ya kababu wala sambusa. Ni ile ya chuma ya kuzungusha kwa mkono, unaifunga pembeni ya meza, na mimi naitumia kusaga kamba na ngisi kwa ajili ya samaki wangu wa akwariam ya maji ya bahari. Najua wapo watakaocheka ila anayefuga samaki wa maji chumvi hapa Dar anajua shida ya chakula ilivyo, na ndo maana naandika maana nilivyokuwa natafuta maoni ya mtu aliyewahi kuitumia kwa kazi hii sikupata hata moja ya Kiswahili.

Sababu yenyewe ni hii. Vyakula vya kugandishwa vya kutoka nje, mysis na artemia (viumbe wadogo wa majini jamii ya kamba) wale wa vipande vidogovidogo ndani ya plastiki, ni vizuri mno vikifika vizima, tatizo ni safari. Kuna duka moja (silitaji) nilinunua pakiti, nafika nyumbani naiangalia vizuri kwenye mwanga naona vipande vimepoteza kona, vyote vimelalia upande mmoja, na chini kuna barafu ya kahawia imejitenga peke yake. Hiyo maana yake vimeyeyuka njiani vikagandishwa tena. Kuganda hakuui bakteria wote, kunawalaza tu, wakipata joto wanaendelea walipoishia, kwa hiyo pakiti ya hivyo ukimpa samaki unampa kitu kilichoanza kuoza kwa bei ya kitu kizima. Na huku bahari ipo hapo, ukidamka ukaenda soko la samaki la Feri unapata kamba na ngisi waliotoka majini usiku huohuo. Sasa kwa nini nilipie barafu ya kahawia?

Wengi wanaojitengenezea wanatumia blenda. Mimi naipinga blenda kwa kazi hii na sababu ninazo. Blenda inageuza kila kitu uji, ile nyama inapasukapasuka mpaka majimaji yake yote yanatoka, ukija kuweka kwenye tangi nusu inakuwa wingu jeupe ambalo hakuna samaki anayeliona kama chakula, linaenda kwenye skima (kile kifaa cha kutoa uchafu kwenye maji) na kwenye mchanga na wiki inayofuata unaanza kulalamika mwani umejaa kwenye kioo. Nitreti na fosfeti, ambazo ndo mbolea ya huo mwani, hazidondoki kutoka mbinguni bana. Mashine ya mkono inakata, haipondi. Inatoa vipande, na samaki anakimbiza vipande.

Kununua: Kariakoo, maduka ya vyombo. Muuzaji alinionyesha namba tano, nane, kumi na kumi na mbili (hizo namba ni saizi ya mdomo wa mbele, kadiri inavyopanda ndo mashine inakuwa kubwa). Mi nikawa nimeshika kumi na mbili, akaniambia "kaka namba nane ndo ya nyumbani, hiyo labda unafungua bucha." Nikamsikiliza. Alianzia juu sana, tukavutana, nikalipa elfu hamsini na tano. Ndani ya boksi kuna mwili wenyewe, mpini, ile parafujo kubwa ya ndani inayosukuma nyama, kisu cha msalaba chenye mabawa manne, sahani mbili zenye matundu, na nati kubwa ya kufungia mbele.

Kabla hujalipa kagua vitu viwili. Kwanza beba sumaku, hata ile ya kwenye friji. Ikishika mwili wa mashine ni chuma kilichopakwa bati, hiyo chukua. Isiposhika na mashine ni nyepesi ujue ni aluminiamu, na hizo zikishakutana na sabuni kali zinaacha weusi kwenye nyama, sizipendi. Pili chungulia kwenye tundu pale parafujo inapotokea nyuma, baadhi zina bushi, yaani kipete, ya rangi ya dhahabu, hiyo ina shaba. Kwa nyama ya kula mtu haina neno, ila kwa akwariam yenye kamba hai, konokono au matumbawe mimi siigusi, shaba inaua hao viumbe hata ikiwa kidogo sana, ndo maana hata dawa za shaba za ugonjwa wa madoa meupe haziwekwi kwenye tangi lenye matumbawe. Yangu haina hiyo bushi, niliangalia mpaka muuzaji akachoka.

Ukifika nayo nyumbani usianze kusaga. Inakuja na grisi nyeusi ya kiwandani imejificha kwenye mikunjo yote, maji ya moto na sabuni, suuza, halafu pitisha mkate uliochacha mara kadhaa uone unatoka na rangi gani. Wa kwanza ulitoka wa kijivu kabisa. Endelea mpaka utoke mweupe, huo mkate wote tupa.

Kitu ambacho karatasi ya maelekezo haikusema, ile ya kwangu ilikuwa na picha moja tu yenye ukungu: kisu kina pande mbili, upande bapa wenye makali ndo unaotazama sahani, upande wa mviringo unatazama ndani. Ukigeuza kinyume mashine haikati, inabana tu nyama na kutoa majimaji, na nashuku nusu ya watu wanaosema hizi mashine mbovu walikifunga kisu nyuma mbele.

Sasa kazi yenyewe. Ninachoweka ni kamba, karibu nusu ya mchanganyiko, ngisi robo, na iliyobaki samaki wa nyama nyeupe (changu ananitosha) pamoja na kome au chaza wakipatikana. Kamba wadogo nasaga na maganda yake maana kwenye ganda ndo kuna ile rangi nyekundu inayosaidia samaki wasififie, vichwa natoa vinachafua maji. Ngisi unamtoa ule uti wa ndani unaofanana na plastiki na kifuko cha wino, ukisahau wino utajua. Kamba wawe wabichi kabisa, sio wa kuchemsha wala wale wakavu wa chumvi. Wa pakiti wa supamaketi soma nyuma, wengine wamelowekwa kwenye dawa za fosfeti ili washike maji waonekane wanene, hizo fosfeti zote zinakuja kwako.

Jodari na nguru siweki, mafuta yao yanatandaza utando juu ya maji, oksijeni inaingia kwa shida. Dagaa na simu (wale samaki wadogo wa jamii ya dagaa) pia naacha japo ni rahisi, samaki wengi wa hizo jamii wana kimeng'enya kinaitwa thayaminezi kinachoharibu vitamini B1, na kugandisha hakukizimi, kinaendelea kula vitamini humohumo kwenye friza. Mara mojamoja sio mbaya ila kiwe chakula cha kila siku hapana. Na tafadhali moyo wa ng'ombe waachie wafugaji wa maji baridi, mafuta ya ng'ombe na samaki wa baharini wapi na wapi.

Mashine inafanya vizuri kupita kiasi nyama ikiwa nusu imeganda. Hapa ndo siri yote. Nyama laini ya joto la Dar inateleza, inazunguka na parafujo, inatoka imepondeka. Ikikaa kwenye friza mpaka iwe ngumu nje ila kidole bado kinazama kidogo, inakatika safi, unaona vipande vinatoka kwenye matundu vimesimama vyenyewe. Mwili wa mashine nao naulaza kwenye friza pamoja na nyama. Sahani ya matundu madogo kwa klaunifishi na samaki kipepeo, ya matundu makubwa kwa kikande (triggerfish) na wenzake wenye midomo ya kazi.

Ngisi ndo mtihani. Ile ngozi yake ya juu inajisokota kwenye kisu, mpini unakuwa mzito, ukifungua mbele unakuta kamba ya ngozi imejifunga kwenye msalaba wote. Menya ngozi kwanza, mkate vipande vyembamba kwa kisu, umchanganye na kamba usimpitishe peke yake. Pweza nilijaribu, sitarudia.

Mwani mashine haiwezi, nisiwadanganye. Ule wa karatasi wa kufungia sushi (chukua usio na viungo wala mafuta) nakata kwa mkasi halafu nachanganya kwa mkono baadaye. Mwani wa Zanzibar nao unafaa, naulowesha utoke chumvi na mchanga kisha naukatakata. Samaki wala mwani kama kangaja na tasi bila majani hawanawiri, na kama unabisha muulize mkulima yeyote wa mwani kule Paje tasi wanavyomfanyia shambani kwake.

Vitamini za matone naweka mwisho, nyama ikiwa bado baridi. Kitunguu saumu wengine wanaweka wanasema kinatibu madoa meupe. Hakitibu. Kinaweza kumvuta samaki aliyegoma kula, basi, ugonjwa unataka dawa.

Kugandisha sitaki trei za barafu. Natia kwenye vifuko vya zipu, nalaza mezani nabonyeza kwa kiganja mpaka iwe bapa nyembamba ya milimita tano hivi, natoa hewa yote, naandika tarehe kwa makapeni, inaingia friza kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Nyembamba inaganda haraka, na ikiganda haraka barafu inakuwa chembe ndogo haipasui nyama, kwa hiyo ukiyeyusha majimaji ni machache. Halafu ukitaka kulisha unavunja kipande cha saizi unayotaka, hakuna kuhangaika na kisu. Ndani ya miezi mitatu iwe imeisha, ikikaa zaidi vitamini zinapungua na mafuta yanachacha. Umeme ukikatika mpaka ikayeyuka yote usiirudishe.

Kulisha: kikombe, maji ya tangi kidogo, ikishayeyuka napitisha kwenye chujio la chai namwaga yale maji. Haiondoi fosfeti yote maana nyingi imo ndani ya nyama yenyewe, ila angalau ule uchafu wa juu hauingii. Weka kidogokidogo, wanachomaliza ndani ya dakika mbili tatu kinatosha.

Na matokeo? Yule pauda blu wangu (aina ya kangaja) alikuwa anakula flekisi, chakula kikavu cha dukani, kwa kujilazimisha, anatafuna anatema. Cha mashine anakipokea juu ya maji kabla hakijazama, mpaka klaunifishi wanaonewa. Maji baada ya kulisha yanabaki angavu, naona kioo cha nyuma, kipindi cha blenda nilikuwa sikioni.

Ubaya wake sasa. Kutu. Bati la juu ni jembamba, na chumvi ya vitu vya baharini haina subira, ukiiacha na unyevu usiku mmoja asubuhi unakuta madoa ya rangi ya machungwa kwenye kisu na sahani. Nikimaliza nafungua vyote, napitisha mkate utoe mabaki, naosha, nafuta, naweka feni dakika kadhaa, halafu napaka mafuta ya kula kidogo kwa kitambaa. Ni kazi, na siku umechoka utaichukia. Zipo za chuma kisichoshika kutu ila bei yake nyingine kabisa.

Pili ile klampu ya kufungia mezani. Haishiki kwenye kaunta ya vigae, ni nene, inataka meza ya mbao yenye ukingo uliotokeza. Weka kitambaa kati yake na mbao usiharibu meza ya watu. Tatu harufu, mama aliniambia wazi "mwanangu hiyo mashine yako isirudi kwenye kabati langu", sasa inakaa stoo.

Kama una tangi dogo la samaki wawili watatu usiinunue, kisu kikali na ubao vinakutosha. Na kama kazi yako ni kulisha matumbawe yanayotaka chembe ndogondogo haitakusaidia, matundu yake ni makubwa kwa hilo. Mwenye tangi kubwa lenye samaki wa kati na wakubwa, achukue namba nane, na ukiwa hapohapo dukani dai sahani ya ziada yenye matundu madogo na kisu cha akiba, maana ukirudi baadaye kuvitafuta peke yake watakwambia wanauza seti.