Kizimba cha chatu: kabla hujalipa, nyanyua kioo

Malalamiko ninayopokea kuhusu vizimba vya nyoka wakubwa yanafanana sana siku hizi. Dada wa Minneapolis, mzee mmoja wa Houston, na kaka wa Leeds aliyeniandikia kwa hasira: boa wake wa mita mbili na nusu alikutwa asubuhi nyuma ya mashine ya kufulia, na kizimba bado kina kufuli. Ufunguo alikuwa nao mfukoni. Muuzaji akamjibu kwamba bila shaka kuna mtu wa nyumbani aliyesahau kufunga.

Kama kufuli lilikuwa mahali pake, hakuna aliyesahau. Nyoka alinyanyua kioo cha mlango.

Ninaandika kwa ajili ya tulioko Marekani, Kanada na Uingereza, ambako sehemu nyingi boa na chatu hufugwa kihalali. Walioko Tanzania na Kenya wanajua kwamba chatu ni mnyamapori wa serikali; bila kibali usimweke ndani, hata kama umemkuta shambani kwako. Huku nako sheria zinatofautiana. Hapa Ohio ninakoishi, sheria ya 2012 inadai kibali kwa aina kadhaa za chatu na anakonda wakifikia futi 12. Florida tangu 2021 imemweka chatu wa Burma kwenye orodha ya wanyama waliopigwa marufuku. Ulizia kwanza.

Taa, joto na unyevu nitaviruka. Kila muuzaji atakueleza habari za themostati kwa sababu anayo ya kukuuzia. Urefu nao sina mengi: nataka nyoka aweze kujinyoosha mwili mzima, basi. Kinachonikosesha usingizi ni reli ya kioo, yaani mfereji ambamo kioo cha mlango huteleza, na sijaona muuzaji hata mmoja anayeitaja kwenye tangazo lake.

Milango ya kuslaidi huwekwa hivi. Reli ya juu ina kina kirefu, ya chini ina kina kifupi. Kioo kinasukumwa juu mpaka kigote, kinaelekezwa kwenye reli ya chini, kisha kinaachiwa kikae. Ni kama madirisha ya alumini ya kwetu, ambayo mwizi anayeijua kazi huyanyanyua na kuyaweka chini bila kuvunja kitu. Kufuli linalouzwa pamoja na vizimba hivi ni lile lile la makabati ya maduka ya simu, lenye ulimi wa meno. Linazuia kioo kisiende kushoto wala kulia. Kwenda juu halizuii chochote.

Sasa mfikirie nyoka. Usiku anazunguka akipitisha pua kwenye kingo zote, na penye hewa anarudi tena na tena. Chatu jike wa Burma aliyekomaa hupita mita 4 na anaweza kuzidi kilo 50. Akipata pa kuingiza ncha ya pua chini ya kioo, mwili wote uliobaki unamsukuma kutoka nyuma.

Kibaya zaidi, nafasi hiyo huongezeka yenyewe kadiri kizimba kinavyozeeka. Kioo cha milimita 6 kina uzito wa kilo 15 kwa kila mita ya mraba. Kizimba cha futi 8 chenye kimo cha futi 2 kinabeba karibu kilo 20 za kioo peke yake, na zote zimekalia ukingo mwembamba wa mbele. Ukikiweka juu ya stendi ya miguu minne ya pembeni, sakafu itabonyea katikati. Reli ya chini inashuka, ya juu inabaki pale pale, na nafasi inapanuka mahali pabaya kuliko pote, pale vioo viwili vinapopishana. Milimita tatu au nne zinatosha, maana reli nyingi za chini zenyewe zina kina cha milimita chache tu. Mimi mwenyewe nililetewa kizimba cha namna hiyo, pamoja na stendi iliyotengenezwa na watu hao hao. Nilipowapelekea picha ya pimamaji ikionyesha sakafu imepinda, nikajibiwa kuwa plastiki ndivyo ilivyo. Hapana. Stendi ndiyo haikushika katikati, na anayeuza kizimba cha futi 8 anapaswa kulijua hilo kabla yangu.

Kwa hiyo, ukiwa dukani au kwenye maonyesho ya wanyama watambaao, funga milango, piga kufuli, kisha nyanyua kioo kwa vidole. Kama ukingo wa chini unatoka kwenye reli, hata nyoka ataweza. Dawa yake ni rahisi na haigharimu kitu: slaidi kioo pembeni, bana ukanda wa plastiki ngumu ndani ya reli ya juu mahali palipobaki wazi, kisha kirudishe kioo chini ya huo ukanda. Acha nafasi ya milimita 2 tu ili kiteleze. Kikifungwa hakinyanyuki, ukitaka kukitoa ukaoshe, unakislaidi mpaka kiachane na ukanda.

Kwa kipimo hicho, hivi ndivyo ninavyovipanga.

Cha kwanza ni cha kampuni ya Vision, na sifichi kwamba nawapendelea. Vizimba vyao ni vya plastiki nzito ya polyethylene iliyomiminwa kwenye kalibu ikatoka kipande kimoja. Sakafu na ukuta havina kiungo, hivyo mkojo na maji ya beseni havina pa kupenya, na ukingo unaobeba kioo ni sehemu ya mwili wenyewe badala ya ubao uliopigwa skrubu. Pembe ni za mviringo, unafuta kwa kitambaa unamaliza. Nyoka akimwaga beseni lote la maji usiku, asubuhi unayakuta pale pale ndani, hayajafika kwenye zulia. Modeli 632, yenye upana wa futi 6, ndiyo ninayowashauri wenye boa wa kawaida. Ni vizito na bei yake inauma. Ukanda wa reli ya juu utauweka hata humu, lakini sakafu sijaiona ikinibonyea.

Cha pili ni cha mabamba ya PVC, plastiki ngumu, ya kuunganisha, ya watengenezaji kama Animal Plastics. Ni nyepesi, hufika ikiwa vipande vipande, na joto linakaa ndani. Bamba la PVC Marekani huuzwa kwa futi 4 kwa 8, ndiyo sababu vizimba vingi vinaishia futi 8. Dai unene wa milimita 12, dai mhimili chini ya sakafu katikati, na usikubali stendi isiyoishika sakafu urefu wote. Muulize muuzaji kina cha reli ya chini. Asipojua, mwambie akapime, utasubiri.

Nyoka anayepita mita 3 na nusu anahitaji kizimba cha fundi, na hapo hiki kinawapita wote, hata Vision. Plaiwudi ya milimita 18, epoksi (rangi ngumu isiyopitisha maji) ndani mpaka kwenye pembe, milango ya bawaba yenye komeo juu na chini, na kufuli. Kioo cha kunyanyua hakipo. Wenye uwezo huwatengea chumba kizima. Ila mkague fundi kwenye matundu ya hewa, maana hapo ndipo wengi wanalegea. Agosti 2013, huko Campbellton, New Brunswick, Kanada, chatu wa kutoka Afrika alitoka kizimbani kupitia bomba la hewa na kuua watoto wawili waliokuwa wamelala katika nyumba hiyo. Wavu wa tundu la hewa ufungwe kwa skrubu na washa (vile vijiduara vya chuma vinavyokaa chini ya kichwa cha skrubu), kutokea ndani. Pini za stepla hazimzuii chatu.

Vizimba vya mabamba ya melamini (mbao za chembechembe zilizofunikwa kwa ganda la plastiki), vilivyojaa Uingereza, naviweka nyuma. Maji yakiingia kwenye ukingo uliokatwa, ubao unavimba, na reli iliyobandikwa juu yake inabanduka. Ukishanunua, ziba kila kiungo kwa silikoni na uache ikauke kabisa kabla nyoka hajaingia.

Tanki la kioo lenye mfuniko wa wavu si la nyoka mkubwa. Mwaka 2009 Florida, chatu wa Burma aliyewekwa kwenye tanki lililofunikwa kwa mfarishi alitoka usiku na kumuua mtoto wa miaka miwili. Sina zaidi la kusema juu ya matanki.

Na wauzaji wanisikie. Mtoto wa chatu mnamuuza kwa bei ndogo kuliko kizimba atakachohitaji akikua, halafu mnamkabidhi mtu pamoja na tanki la futi mbili mkimwambia litamtosha. Mnatangaza vipimo vya nje wakati nyoka anaishi ndani. Kufuli mnalitoza kando, kwa mnyama wa kilo 50! Usafirishaji unakaribia nusu ya bei ya kizimba, lori linashusha mzigo kando ya barabara, na kona ikifika imevunjika mnasema mnunuzi alishasaini karatasi. Ndugu zangu, msisaini kabla hamjafungua boksi mbele ya dereva. Akisema ana haraka, andikeni kwenye karatasi yake kwamba mzigo haujakaguliwa, mpige picha, ndipo msaini.

Mnaonunua mtumba, nendeni na pimamaji, utepe wa kupimia na tochi. Lazeni pimamaji kwenye ukingo wa mbele, katikati. Kisha pimeni nafasi kati ya reli mbili, kushoto, katikati na kulia. Katikati ikizidi kwa zaidi ya milimita 2, ombeni bei ishuke kwa gharama ya mhimili mpya, au mwacheni muuzaji nacho.